Sura ya Sita: Julai Kinoru

Mwenye gari la kulala hapa Kenya akiona Julai imeingia, mara nyingi huelekeza usukani pwani. Ana sababu zake. Nyanda za juu zimejaa ukungu, jua halichomozi hadi saa sita mchana, nguo hazikauki na watoto wanakohoa. Mimi nasema apande Meru. Na akifika Meru asikimbilie mbugani. Alilaze gari Kinoru, pale pale mjini, kisha asubuhi aende kwa miguu hadi Makumbusho ya Meru, baridi ya usiku ikiwa bado mwilini. Historia ya watu waliotangulia kuifungua miteremko hii ni historia ya baridi, tope na moshi. Anayekuja kuitazama Februari, jua likiwaka na njia zikiwa zimekauka, huona nusu yake tu.

Wakenya wengi wanaijua Kinoru kwa ajili ya uwanja wa michezo. Sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapo tarehe 1 Juni 2018, msimu wa baridi ukiwa ndio kwanza unabisha hodi. Uwanja ukishauona, kinachobaki ni kitongoji cha kawaida cha mji wa mlimani: nyumba za mawe zinazoongezwa ghorofa mwaka baada ya mwaka, migomba nyuma ya jikoni, miparachichi, mikadamia, vibanda vya chai, bodaboda waliovaa makoti mazito na kofia za sufu. Msafiri asiichanganye na Kinoro, iliyoko Imenti Kusini kwenye mashamba ya chai.

Mgeni hushangaa kukuta baridi hapa, maana ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji. Sababu ya kwanza ni kimo: mji umekaa kwenye mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa mlima wenye kilele cha mita 5,199. Sababu ya pili ni upepo ambao watu wa pwani wanaujua vizuri kuliko watu wa bara. Ni kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ikiwa imebeba unyevu, ikavuka nyika, ikagonga Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Hapo hewa haina budi kupanda, na ikipanda inapoa, na ikipoa inageuka wingu zito linalolala juu ya mapaa. Wingu hilo halinyeshi mvua ya kujaza mapipa. Mvua za Meru ni za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, na hizi za pili ndizo kubwa zaidi upande huu wa mlima. Julai huleta manyunyu tu, lakini manyunyu ya kutwa kucha. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na ukipanda barabara ya Nanyuki hadi Timau, chini zaidi ya hapo.

Gari lenyewe si lazima liwe la fahari. Wageni kutoka Ulaya na Afrika Kusini hupita na malori makubwa yenye bafu, jiko na mtambo wa kupasha joto. Wengi wetu tunasafiri kwa HiAce iliyong'olewa viti, fundi akaingiza kitanda cha mbao chenye droo chini yake, au kwa Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Kwa Julai nachagua HiAce. Hema la juu ya gari ni zuri mno Samburu au Magadi. Hapa huloa usiku, halipati jua la kulikausha, hukunjwa likiwa na maji, na baada ya siku chache linanuka kuvu.

Baridi ya ndani ya gari ina tabia yake. Watu wanadhani inatoka juu, kwenye paa, wakajirundikia mablanketi matatu kifuani. Inatoka chini. Sakafu ya bati ikipoa huvuta joto la mwili kupitia godoro, kwa hiyo blanketi moja chini ya mgongo lina faida kuliko mawili ya kujifunika. Halafu kuna pumzi. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi zao hugonga vioo baridi na kugeuka maji, na alfajiri matone yanawadondokea usoni. Dawa yake ni kuacha madirisha mawili wazi kwa upana wa vidole viwili, moja kila upande, ili hewa ipite. Inaonekana ni ukatili kuingiza upepo wa Meru ndani kwa hiari, lakini aliyelala pakavu huhisi joto kuliko aliyelala pa joto lenye unyevu. Sola isitegemewe, chini ya wingu hili paneli huzalisha umeme kidogo sana, na ni bora betri ya pili ijazwe injini inapokuwa inakimbia barabarani.

Na jiko la makaa lisiingie ndani ya gari. Hili nalisema bila kupunguza neno. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu pale oksijeni inapopaswa kushika. Mara nyingi mtu hasikii kitu ila usingizi. Watu wamekufa hivyo nchini mwetu katika misimu ya baridi, majumbani na kwenye vyumba vya kupanga, jiko likiwa limeingizwa kwa upendo ili watoto wapate joto. Ndani ya gari nafasi ni ndogo zaidi na gesi hujaa upesi zaidi. Chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ya mpira, ingia nayo kitandani.

Njia ninayoipenda kufika Kinoru ni ya Embu. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 225. Embu yenyewe ni mji wa boma. Waingereza waliishambulia nchi ya Waembu mwaka 1906 na kuweka kituo chao mwaka huo huo. Kuanzia hapo barabara inapita kwenye kiuno cha mlima na kuikata mito yote inayoshuka kutoka kwenye barafu na misitu ya juu: Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita. Kila mto umechimba bonde lake. Unashuka, unavuka, unapanda, unashuka tena. Ndani ya gari leo ni saa chache. Aliyekuja kwa miguu na mzigo kichwani alikuta ukuta baada ya ukuta, na mabonde hayo ndiyo yaliyowagawa watu wa mlima huu katika Wachuka, Wamuthambi, Wamwimbi, Waigoji, Wamiutini na Waimenti, kila kundi na matuta yake.

Bonde la Nithi linastahili heshima ya pekee. Mteremko wake ni mrefu, kona zake ni kali, na daraja liko chini kabisa. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Gari la kulala ni zito kuliko linavyoonekana. Lina maji, gesi, kitanda, betri mbili. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, usitegemee breki pekee, na ukungu ukiwa mzito subiri Chuka unywe chai. Hakuna makumbusho yanayofungwa kwa sababu umechelewa saa moja.

Baada ya Nithi kuna Chogoria, na hapo kuna hadithi ambayo mpenzi yeyote wa magari anapaswa kuijua. Daktari Mskoti, Clive Irvine, alifika Chogoria mwaka 1922 kuanzisha hospitali ya misheni ambayo hadi leo inatibu watu. Mfadhili wake mkuu alikuwa Ernest Carr, mfanyabiashara ambaye binti yake aliolewa na Irvine. Carr aliupenda mlima. Alifungua njia ya kupita kwenye msitu na mianzi upande wa Chogoria, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaipandisha Ford yake hadi kwenye nyika ya juu, mahali ambapo hata leo magari yenye nguvu ya magurudumu manne hupumua kwa shida. Njia ya Chogoria ya wapanda mlima wa sasa inafuata kazi ile. Sifa za safari ile amepewa Carr. Mimi huwafikiria zaidi watu waliokata mianzi ile kwa panga, miguu peku, kwenye kimo ambacho usiku maji huganda. Majina yao sijayaona yameandikwa popote.

Asubuhi ya Kinoru huanza na sauti. Mwanga haujakuja bado, lakini unasikia mapipa ya maziwa yakigongana, pikipiki ikikataa kuwaka, na pikapu za miraa zikipita barabara kuu kwa mwendo wa wenye haraka ya kuwahi soko. Kando ya nilipolaza gari alikuwapo mama anayeuza uji wa mtama uliochachushwa, kwenye thamosi kubwa mbili zilizofungwa kwa leso.

"Habari ya asubuhi, mama?"

"Njema, baba. Ni wewe umelala ndani ya hiyo gari?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii baridi!" Akanimiminia kikombe, akaongeza kidogo bila kuombwa. "Nyanya yangu alilala na mbuzi ndani ya nyumba ndio apate joto. Nyinyi mnalala na mabati."

Maneno yake nilikwenda nayo hadi makumbusho.

Makumbusho ya Meru yako katikati ya mji, karibu na ofisi za serikali, ndani ya nyumba ya mawe iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ni miongoni mwa majengo makongwe zaidi ya mawe mjini, na ilifunguliwa kwa umma kama makumbusho mwaka 1974. Kwa viwango vya Nairobi ni ndogo. Nusu saa inatosha kuipitia kwa haraka. Asipite mtu kwa haraka.

Nyumba hiyo inasimulia utangulizi wa aina moja. Mwaka 1908 afisa kijana wa Kiingereza, Edward Butler Horne, alifika Imenti na askari wachache akaanzisha boma. Alikuwa mfupi na hakutulia mahali pamoja, na Wameru wakampa jina Kangangi. Jina hilo ndilo analokumbukwa nalo na wazee hadi leo, wakati jina lake halisi limebaki kwenye vitabu. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Meru mwaka 1911, na muda mfupi baadaye Wamethodisti wakafungua kituo chao Kaaga, kaskazini mwa mji. Boma, kanisa, shule, barabara: huo ndio mpangilio wa hadithi kama ilivyozoeleka kufundishwa.

Mwaka huo huo wa 1908, upande wa pili wa nchi, kulikuwa na msafara ambao unahusiana na kitabu hiki moja kwa moja. Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliteremka melini Mombasa mwezi wa Julai, wakapanda treni hadi Nakuru, wakafunga maksai kwenye magari yao ya mbao yaliyoezekwa turubai, na kufika Sergoit, kwenye uwanda wa Uasin Gishu, mwezi wa Oktoba. Walisafiri na kulala ndani ya magari hayo kwenye mvua, baridi na matope ya Timboroa. Hayo ndiyo yaliyokuwa magari ya kulala ya kwanza yaliyoingia nyanda zetu za juu kwa wingi. Ardhi waliyokuwa wakiiendea ilikuwa na wenyewe, na sheria iliyowagawia haikuwauliza wenyewe hao.

Wamarekani wana utamaduni mkubwa wa kutembelea sehemu za kumbukumbu ya waliotangulia kwa magari ya kulala, na wapo wanaokwenda makusudi wakati wa theluji. Naliona jambo hilo kuwa la busara. Kule California, kwenye milima ya Sierra Nevada, kuna mnara wa kumbukumbu ya msafara wa Donner. Msafara huo wa watu 87 ulinaswa na theluji katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 ukielekea magharibi, na karibu nusu ya watu wake wakafa. Wajenzi wa mnara huo walikipandisha kitako chake hadi karibu mita 7, kiasi cha kina cha theluji ya mwaka ule. Anayeutazama Agosti amevaa fulana huona sanamu juu ya jiwe refu. Anayeutazama Januari, theluji ikiwa imefika kiunoni, huinua macho hadi juu ya kitako na kuelewa.

Sisi hatuna theluji Kinoru. Tunayo nyumba iliyoko nyuma ya jengo la makumbusho.

Ni boma la Kimeru la kale lililojengwa kwa ajili ya maonyesho: nyumba ya mviringo, paa la nyasi lililoshuka chini karibu na ardhi, mlango mfupi unaomlazimisha kila aingiaye kuinama. Nje manyunyu yalikuwa yakiendelea. Ndani palikuwa pakavu. Nilisimama hadi macho yakazoea giza, na ndipo nikaona jinsi kila kitu kilivyopangwa kwa ajili ya jambo moja, kuhifadhi joto. Mafiga yako kati. Kitanda kiko karibu na moto, na mbuzi nao walikuwa na sehemu yao humo humo ndani. Miili yao ilikuwa hita ya usiku kucha isiyohitaji kuni, kama alivyosema yule mama wa uji. Hakuna dirisha wala bomba la moshi. Moshi hupanda na kupenya kwenye nyasi taratibu, ukifukuza wadudu wanaokula paa na kukausha nafaka iliyohifadhiwa juu. Bila shaka moshi ule uliwagharimu macho na mapafu, akina mama hasa. Lakini paa likipitisha moshi, makaa hayaui. Watu wale walikuwa wamelitatua tatizo ambalo mimi, mwenye gari la bati, nalitatua kwa kufungua dirisha vidole viwili.

Hapo ndipo neno la waliotangulia linapoanza kunishughulisha. Horne alipofika mwaka 1908 alikuta mashamba, njia, masoko, mahakama na watu wenye kumbukumbu ya safari yao wenyewe. Kumbukumbu hiyo inaanzia mahali wanapopaita Mbwaa, na msomaji wa pwani asogee karibu, maana Mbwaa ni kwenu.

Wazee wa Kimeru wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba mababu zao waliishi kisiwani baharini, na kwamba walitawaliwa na watu wenye mavazi mekundu walioitwa Nguo Ntune. Watawala hao waliwatumikisha, kisha wakaanza kuwapa kazi zisizowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Waliambiwa watengeneze mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Waliambiwa washone kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mkuki haukuwezekana. Kiatu kiliwezekana: wazee walitafakari wakakumbuka ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya upande huu na huu, wakakata hapo. Napenda sana kipande hiki cha hadithi. Kimewaweka hai watu wenye akili ya kazi za mikono, na kila msafiri aliyewahi kutengeneza gari porini kwa waya na kipande cha mpira atawatambua.

Mwishowe wakakimbia usiku, wakiongozwa na mtu wanayemwita Koomenjwe, aliyeyapiga maji kwa fimbo yake wakapata pa kuvukia. Waliovuka gizani wakawa ukoo mweusi, waliovuka alfajiri wakawa mwekundu, waliovuka mchana wakawa mweupe, na migawanyo hiyo mitatu imebaki katika koo za Wameru. Padre Bernardo Bernardi, mwanaanthropolojia Mwitaliano, alichapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho aliyeaminika kuibeba baraka ya watu tangu Mbwaa, na ambaye mkono wake wa kushoto haukupaswa kuonwa na mtu. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman alikaa na wazee akakusanya masimulizi yao, akayachapisha mwaka 1993. Wapo watafiti wanaoielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, katika visiwa vya Lamu, ambako maji hupwa na kujaa kati ya kisiwa na bara. Kwa mtu aliyewahi kuona maji ya Lamu yakipwa, simulizi ya bahari kufunguka haihitaji kutetewa.

Kutoka pwani walifuata mto Tana kuelekea juu. Safari ilichukua vizazi. Walivuka nyika kavu ya joto kali, wakaanza kupanda, na hapa ndipo Julai inapokuwa mwalimu. Watu waliozoea joto la baharini na la nyika walikutana na msitu mweusi, wenye unyevu, wenye baridi ya kuingia mfupani. Waliukata kwa shoka na moto, tuta kwa tuta. Chini kulikuwa na mbu na homa. Juu sana mtama na wimbi havikukomaa. Kwa hiyo walishika mkanda wa kati, penye ndizi na viazi vikuu, penye maji ya mito mingi, na wakajifunza kujenga nyumba ile niliyosimama ndani yake. Baridi ndiyo iliyochora mpaka wa juu wa makao yao. Mpaka huo ulisogea tu baada ya majani chai kuletwa, mmea unaoupenda ukungu huu huu ambao mtama haukuuweza.

Na wao pia hawakukuta nchi tupu. Masimulizi yao wenyewe yanawataja Agumba, wawindaji wa msituni, na wafugaji walioishi kwenye nyasi za Tigania na Igembe. Baadhi walifukuzwa, baadhi walimezwa kwa ndoa na udugu. Mzee wa Kimeru anayesimulia kwa ukamilifu haachi sehemu hiyo, na namheshimu zaidi kwa kutoiacha. Vibao vingi vya waanzilishi duniani vinaiacha.

Msafiri mwenye siku moja zaidi aelekee kaskazini-mashariki kwa barabara ya Maua. Njiani, ndani ya msitu wa Imenti, kuna ziwa Nkunga, ziwa dogo la volkeno linaloheshimiwa kama mahali patakatifu, ambako tembo huja kunywa. Mbele yake ni Nchiru, yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Leo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko jirani nayo. Njuri Ncheke haikuwa kitu cha makumbusho jana na si kitu cha makumbusho leo. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na kesi za mashamba bado hupelekwa kwa wazee. Usiingie bila kuomba ruhusa, usipige picha bila kuruhusiwa, na ukiambiwa subiri, subiri.

Katika miaka ya 1930 Mkuu wa Wilaya aliyeitambua Njuri Ncheke na kufanya kazi nayo alikuwa H. E. Lambert. Wasomaji wa lugha yetu wana sababu nyingine ya kumkumbuka: baadaye aliandika tafiti za lahaja za Kiswahili za pwani ya Kenya, zikiwamo Kivumba na Chijomvu. Mtu mmoja aliyasikiliza masimulizi ya watu wa Mbwaa mlimani na maneno ya wavuvi wa Vanga baharini. Ni katika miaka hiyo hiyo wakulima wa Meru na Embu, pamoja na wa Kisii, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa. Miche hiyo ya kwanza ni utangulizi unaostahili chumba chake katika makumbusho.

Wa mwisho niwataje walioishi ndani ya baridi hii bila paa lolote. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau wa Meru waliingia misitu ya Mlima Kenya. Musa Mwariama alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wachache ambao hawakukamatwa. Alibaki msituni hadi uhuru mwaka 1963, na akafariki mwaka 1989. Miaka hiyo ilikuwa na Julai nyingi, kwenye mianzi, mara nyingi bila moto kwa kuwa moshi ungewaonyesha ndege za kivita walipo. Nikiwa nimejifunika Kinoru na chupa ya maji moto miguuni, hilo ndilo jambo lililokuwa gumu zaidi kulifikiria.

Kwa wenye mamlaka nina ombi. Makumbusho ya Taifa na Serikali ya Kaunti ya Meru watenge eneo dogo mjini la kulaza magari, lenye maji, choo na mlinzi, ili msafiri asilazimike kubisha hodi kwenye nyumba za wageni. Wawashe moto kwenye nyumba ile ya nyasi kila asubuhi ya Julai, wamweke mzee na mama wa kusimulia, na wawalipe vizuri. Waweke pia ubao Manda na mwingine Meru, kila mmoja ukiutaja mwenzake, ili mtoto wa Lamu na mtoto wa Imenti wajue kwamba safari hii ni yao wote. Na wewe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani anayeijua hadithi ya Mbwaa, chukua simu umrekodi wiki hii, maana Agosti bado ina baridi na wazee hawaihimili kama zamani.